Picha imenipa sifa darasani, nyumbani mama hanisemeshi

Anti, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma stashahada ya uandishi wa habari hapa Tanga, mwaka wa mwisho. Sijawahi kuandikia safu kama hii. Nilikuwa msomaji tu, tena wa kucheka shida za wenzangu. Leo zamu yangu.

Mradi wetu wa kumaliza masomo ni kutengeneza gazeti la mtaa. Si kuandika habari peke yake, ni gazeti zima: jina, mpangilio wa kurasa, picha, matangazo, kulichapa na kulifikisha kwa wasomaji, kisha tuandike ripoti wamesemaje. Tumegawanywa watu watano watano. Kundi letu limepewa eneo la soko, mtaa niliozaliwa na kukulia. Wenzangu watatu wametoka mikoa mingine na mmoja Muheza, kwa hiyo mwenyeji nikawa mimi. Nikapewa kazi ya picha, na kwa kuwa programu ya kupangia kurasa naijua kidogo, nikapewa na usanifu.

Mwanzoni raha tupu. Tulipanga kurasa sita, tukazipeleka steshenari, yule kaka wa mashine akatucheka. Akachukua karatasi ya A3, akaikunja mbele yetu: upande huu kurasa mbili, upande huu mbili, jumla nne. "Chagueni nne au nane, hiyo sita mtaikunjaje?" Basi tukaongeza ukurasa wa michezo (Coastal Union na African Sports, ungetuona tunavyogombana) na mwingine wa mapishi. Tumechanga elfu thelathini kila mmoja. Tutachapa nakala 100, nyeusi na nyeupe, na zote tutazigawa sokoni na mitaa ya jirani.

Habari kuu ni mtaro. Ubavuni mwa soko kuna mtaro ambao masika haya umeziba kwa mifuko na makumbi ya nazi. Maji yamesimama, meusi, yananuka. Mwenzangu kaandika habari nzuri kweli, kahoji wafanyabiashara sita, hakuna hata mmoja aliyemtia maneno mdomoni. Mimi nikabaki na deni la picha.

Pale sokoni kuna mama anauza vibua. Ni shoga yake mama tangu hawajaolewa, mpaka leo wanacheza upatu pamoja. Mimi namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Nikiwa kidato cha nne mama alilazwa wiki tatu, na nilikula na kulala kwa huyo mama. Nilimwambia, "Mama mdogo, nakupiga picha ya chuo." Akacheka, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Piga tu mwanangu, ila usinitoe na kidevu."

Nikavuka barabara, nikachuchumaa usawa wa mtaro, nikavuta kwa simu. Anti, ilitoka picha! Maji meusi mbele, juu yake mama mdogo na vibua vyake vinang'aa, mkono ameuinua anafukuza nzi. Wakati wa kupanga ukurasa nikaikata kidogo upande wa kushoto ili ikae safu tatu, maana safu ya nne tumeweka vidokezo vya kurasa za ndani. Palikuwa na ndoo yake ya koki na baiskeli ya mtu, vinachafua picha tu. Juu tukaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: TUNAKULA NINI?

Mwalimu alipouona ukurasa aliita darasa zima waje waangalie. Akasema, "Huu ndio ukurasa wa mbele." Tangu nianze chuo sijawahi kusifiwa hivyo.

Kwa furaha nikamtumia mama ule ukurasa kwenye simu. Naye kwa kujivunia mwanawe akaenda kumwonyesha shoga yake sokoni. Nasikia mwanzo alicheka. Jioni akaja nyumbani, akakaa barazani, chai akaikataa. Akaniambia, "Mwanangu, ulipiga picha, au ulinipiga mimi?" Sikuwa na jibu. Akasema wanaonunua kwake ndio hao hao watakaopewa gazeti. Akaaga, akaenda zake.

Tangu siku hiyo mama ananitengea chakula na kuondoka. Hajanigombeza. Ila juzi aliniuliza, "Hilo gazeti likitoka, mimi nitapita barabara gani?"

Nilimweleza kiongozi wa kundi. Akasema mama mdogo alikubali na shahidi ni mimi mwenyewe. Akasema kazi ya mwandishi si kupendwa, na nikianza kutoa picha kwa sababu aliyemo ni mtu wangu, huo ndio upendeleo tunaoukataa darasani. Neno hilo limeniuma kwa sababu naona lina ukweli. Angekuwa mama nisiyemjua, ningehangaika hivi? Isitoshe ukurasa wa mbele una alama 40 kati ya 100, na alama hizo si zangu peke yangu. Mmoja wetu akifeli mradi huu, mkopo wake una mashaka. Na mtaro upo, samaki wapo, sijatunga kitu.

Tunachapa mwisho wa mwezi. Anti, niitoe au niiache?

Na swali dogo: wenzangu wanataka jina la gazeti liwe jekundu kama magazeti ya Dar, tuongeze hela ya rangi. Wanasema bila nyekundu litaonekana la wanafunzi. Unaonaje?

Msanifu, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Hizo kurasa sita zimenichekesha na kunikumbusha mbali. Kabla ya kukalia kiti hiki nilikaa chumba cha habari miaka mingi, tangu enzi za kukata habari kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi kwenye karatasi kubwa, na kila mgeni aliyeingia alianza kwa kupanga kurasa zisizokunjika. Kwa hiyo mmeanza kama walivyoanza wengine wote.

Nikikuelewa vizuri, umesimama katikati. Upande mmoja yupo mama yako, shoga yake aliyekulea wiki tatu, na mtaa utakaoendelea kuishi nao hata mradi ukiisha. Upande mwingine wapo wenzako wanne, alama 40, mwalimu aliyekusifia, na neno zito ulilofundishwa: usipendelee. Umeniuliza uitoe picha au uiache, kana kwamba milango ni miwili tu. Kabla hatujaigusa hiyo milango, naomba turudi kwenye mstari mmoja wa barua yako. Uliupita haraka, mimi nimeusoma mara tatu.

Ni ule wa ndoo ya koki.

Ulisema inachafua picha. Kwa jicho la msanifu nakuelewa kabisa, ndoo ya plastiki na gurudumu la baiskeli vinavuta macho pembeni. Lakini kwa muuza samaki ndoo ya koki si pambo. Ndiyo inayomwambia mteja kwamba huyu mama ananawa, na vibua vyake vinasuuzwa kwa maji safi. Ulipoikata ukaacha mtaro, ukurasa ulibaki na maji ya aina moja tu. Msomaji ataunganisha mwenyewe: maji haya, samaki hawa.

Na kabla ya mkasi kulikuwa na simu. Umeniambia ulivuka barabara, ukachuchumaa usawa wa maji, ukavuta. Ukipiga hivyo, ardhi iliyo kati ya kitu na kitu hujikunja. Ukienda uwanja wa Mkwakwani ukasimama nyuma ya goli na kamera ya kuvuta, kipa na mshambuliaji wataonekana wanapumuliana, kumbe wameachana hatua kumi. Kutoka ukingo wa mtaro mpaka miguu ya meza ya mama mdogo ni hatua ngapi? Hukuniandikia, na huenda hata wewe hujawahi kuzihesabu. Nenda kazihesabu. Kama ni mbili, una habari moja. Kama ni nane, una habari nyingine, na picha yako inasema jambo ambalo macho yako hayakuliona.

Sisemi umedanganya, mwanangu. Ungekuwa mdanganyifu usingeniandikia habari za ndoo. Nasema vitu vitatu, kila kimoja kidogo na cha kawaida katika kazi hii, vimekutana mahali pamoja: pembe ya kupigia, mkasi, na hicho kichwa cha habari. Kiangalie tena. Mwenzako kaandika juu ya mtaro ulioziba, kahoji watu sita, na hata mmoja hakulalamikia samaki. Halafu juu ya kazi yake mkaandika TUNAKULA NINI? na chini yake mkamweka mama mmoja na vibua vyake. Habari inalalamikia mtaro. Ukurasa unamlalamikia mama. Ningekuwa mwenzako aliyeandika, nami ningekuwa na neno la kusema.

Tuje kwa kiongozi wenu, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Ni kweli tumewaona waandishi wanaomficha mjomba na kumwanika jirani, na ni vizuri kundi lenu lina mtu wa kulisema hilo. Umejiuliza kama angekuwa mama usiyemjua ungehangaika hivi. Sawa, ila ligeuze na upande wa pili: huyo mama usiyemjua, ndoo yake ilistahili kukatwa? Kumjua mtu kunaweza kukufanya umlinde isivyo haki. Kunaweza pia kukufanya uone kitu ambacho mpita njia hakioni. Wewe pekee katika kundi hilo umekula kwenye meza ya mama huyu, na unajua anavyosuuza samaki. Sijui kama huo tuuite upendeleo au ujuzi wa mwenyeji. Nakuachia ulipime, maana mwenyewe nimelipima nikaona linaelemea huku na huku.

Anasema pia mama mdogo alikubali. Alikubali, lakini nini? "Nakupiga picha ya chuo." Yeye akawaza kidevu. Mtu anayewaza kidevu anajiona ukutani kwenye fremu, hajioni ukurasa wa mbele, nyuma ya maji meusi, nakala 100, zikigawiwa kwa wateja wake. Hukumficha makusudi, siku ile hata wewe hukuijua picha itakavyokaa. Ila ruhusa aliyotoa ilikuwa ya kitu kimoja, na kilichotengenezwa baadaye ni kingine.

Hapa ndipo gazeti la mtaa linapotofautiana na yale yanayokuja na basi kutoka Dar es Salaam. Gazeti la Dar linaweza kupiga picha ya mama wa Tanga, na yeye na mhariri wasionane mpaka siku ya kiyama. Lenu, aliye kwenye picha ndiye msomaji wa kwanza, wa pili ni mteja wake, na wa tatu ni mama yako akipita na kikapu. Wengi huona huo ni udhaifu wa gazeti dogo. Mimi naona ndiyo sababu ya kuwa nalo, ila linadai kazi zaidi kwa mtu anayeshika mkasi.

Lakini nisimwonee kiongozi wenu kwa kuwapamba kina mama. Mtu akisema picha imemuumiza, haimaanishi picha ni ya uongo. Magazeti yangetoa zile tu ambazo walio ndani wanazipenda, yangekuwa albamu za harusi. Mtaro uliotuama kando ya chakula ni jambo la afya ya mtaa mzima, pamoja na afya ya mama mdogo mwenyewe, anayeshinda hapo kutwa. Ukilitoa jambo hilo kabisa kwa ajili ya heshima ya nyumbani, wale sita waliohojiwa watajiuliza walipotezewa muda wa nini.

Sasa tuangalie yanayowezekana, maana naona ni zaidi ya mawili.

Unaweza kuiacha kama ilivyo. Alama zina uwezekano mkubwa wa kubaki, na kundi litatulia. Hatari zake unazijua, ila ipo moja huenda hujaifikiria. Ripoti yenu inaweza kutakiwa kueleza na maamuzi ya usanifu. Mwalimu akiomba kuona picha kabla ya kukatwa, na walimu wa usanifu huomba, ndoo itatokea pale pale mezani mbele ya kundi, na anayeulizwa ni wewe.

Unaweza kuirudisha picha nzima. Hapa nivae miwani yangu ya zamani kidogo. Ulikata ili ikae safu tatu, kwa sababu safu ya nne ina vidokezo. Yaani vidokezo vya mpira na mapishi ndivyo vilivyoifukuza ndoo. Ukiviteremsha chini, vikae kama utepe mwembamba mguuni mwa ukurasa, picha itapumua safu zote nne, na ndoo na baiskeli vitaingia. Itapoteza ukali wake, sikufichi. Macho yatatangatanga kidogo kabla ya kutua. Lakini Tanga na baiskeli, nani atashangaa? Na maelezo ya picha yanaweza kutaja hatua ulizohesabu. Hatari iliyobaki ni kwamba uso ni ule ule, na mama mdogo anaweza kusema hataki kuonekana, ndoo iwepo isiwepo.

Unaweza kupiga nyingine. Alfajiri, kabla meza hazijapangwa, mtaro peke yake. Au miguu ya wateja ikiruka maji, khanga zimepandishwa. Au mchoro tu wa soko unaoonyesha mtaro unaanzia wapi na umeziba wapi. Huo mchoro ningeupenda, maana mtu wa sokoni atauchukua na kuwaonyesha wenzake kwa kidole. Ila usijidanganye kwamba ni rahisi. Mtaro usio na mtu unaweza kuwa mtaro wa mji wowote, na mchoro mbaya ni mbaya kuliko picha mbaya. Umebakiwa na siku chache, na mvua haikungoji.

Na unaweza kurudi kwake. Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayotisha. Kumbuka ukurasa ulimfikia kwenye simu ya mama yako, wewe haupo. Hakuna aliyemuuliza chochote, alionyeshwa tu. Ukienda, nenda asubuhi kabla vibua havijafika, na ukurasa umeuchapa kwenye karatasi, kwa sababu kwenye simu kila kitu ni kidogo na kila mtu anacheka. Mpe aushike. Halafu muulize kuhusu mtaro, kama mwenzako alivyowauliza wale sita. Huenda ana maneno makali kuliko wote, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu alikuwa kwenye picha. Mama anayelalamika kwa jina lake na kauli yake ni tofauti na mama anayeonyeshwa tu.

Hatari ipo pia. Akishaulizwa anaweza kukataa katakata, na ukishauliza huwezi kujifanya hukusikia. Au akakubali huku moyo haupo, kwa ajili ya mama yako na upatu wao. Kwa hiyo usiende na mama, na usimwambie habari za alama 40 wala za mkopo wa mwenzako. Ukimtajia hayo atakubali, namjua mtu wa namna hiyo, na utatoka hapo na ruhusa isiyo ruhusa.

Lolote utakaloelekea, kundi lina haki ya kuijua ile picha nzima. Mpaka sasa wanne wale wanatetea ukurasa wakidhani simu iliona kile kile ukurasa unachoonyesha. Kiongozi wenu anaongea kwa ujasiri kwa sababu hajui kuna kushoto. Kumwambia kunaweza kukugharimu, atasema mbona hukusema mapema, na atakuwa na haki. Anaweza pia akabadilika. Watu wanaoogopa upendeleo mara nyingi huogopa na uongo. Na ripoti ile ile inayokutisha ndiyo yenye nafasi ya kueleza kwamba ukurasa ulikuwa hivi, ukabadilika, na sababu ni hii. Siwezi kukuahidi mwalimu ataipa alama ngapi. Alimwita kila mtu kuangalia ya kwanza, huenda akaona aibu kidogo. Walimu nao ni watu.

Jambo moja la pembeni, lisikutishe ila msilipuuze. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka gazeti liwe na leseni. Kazi ya kusahihishwa darasani ni kitu kimoja, nakala 100 mikononi mwa watu sokoni ni kingine. Muulizeni mwalimu kama chuo kimeliangalia hilo. Ni swali lake, si lenu, lakini anayekamatwa na gazeti mkononi ni ninyi.

Nimemwacha mama yako makusudi. Hajakukataza, umeona? Amekuuliza apite barabara gani. Wewe umelisikia kama lawama, na labda ni lawama. Lakini pia ni swali la mtu anayekwenda sokoni kila siku, aliyebeba ukurasa wako mwenyewe kwa miguu yake akijivunia, akamkabidhi shoga yake kitu kilichomuumiza. Naye ana aibu yake pale, pengine kubwa kuliko yako, na anakutengea chakula akiwa nayo. Hahitaji kusikia umeamua nini. Anaweza kuhitaji kusikia kwamba unajua ulimtuma bila kumwambia anabeba nini. Hilo linasemeka leo, kabla ya mtaro, kabla ya mwisho wa mwezi, mkiwa mnamenya vitunguu.

Na nyekundu? Waambie wenzako kwamba kuonekana gazeti la wanafunzi si tusi, hasa hapo Tanga. Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, lilianza mwaka 1888 katika chuo cha wamisionari cha Kiungani, Zanzibar. Magila, huko Muheza kwa huyo mwenzenu, wamisionari walichapa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia shule ya serikali ya hapo hapo Tanga ilikuwa na mtambo wake, ukitoa gazeti la Kiongozi, na walimu na makarani wa sehemu za mbali wakiliandikia habari za kwao. Kwa hiyo kama litaonekana la shule, lina ukoo.

Kwa upande wa hela: nyekundu ya mashine ya kopi mara nyingi hutoka kama nyanya isiyoiva. Jina jeusi, herufi nene, na nafasi nyeupe ya kutosha pembeni yake, litasomeka hata likiwa limefungia vitumbua, na ndiko litakakoishia. Ila hilo mpigieni kura, mimi si wa kundi lenu.

Nitumie nakala moja. Ukurasa wa mapishi usiniondolee.